Miaka tisa nalipia jirani land rates, na yeye ndiye alikuwa akinicheka

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi ni mzee wa Eastlands, natengeneza akala, viatu vya tairi na ngozi, soko la Kariokor. Shule niliacha darasa la tatu, lakini haya ni ya kweli. Ningekuwa nadanganya ningejipa sehemu ya mtu mwerevu.

Kila mwaka nilikuwa nalipa rates, ile kodi ya ardhi, za kanyumba kangu. Nabeba mkebe wa biskuti umejaa risiti, napanga laini ofisi za kanjo, hawa watu wa kaunti, nataja nambari, nalipa, narudi.

Sasa jirani yangu Onesmo. Alikuwa karani zamani, na karani huwa hastaafu. Akiona ule mkebe anapaza sauti mtaa wote usikie:

"Mutua! Umetoka tena kulisha kanjo? Mimi sijawahi lipa, na hakuna wa kunigusa. Wananijua!"

Na kweli hawakumgusa. Hiyo iliniuma kuliko magoti, na magoti yangu, wacha tu, kukalia stuli miaka arobaini si mchezo. Lakini tuache magoti.

Notisi za kanjo za kudai rates zilikuwa zinabandikwa kwa gate yangu mimi! Nikasema hawa wajinga wamekosea gate, nikazifungia dagaa wangu wa omena.

Mwaka huu nikataka title, hati ya plot, iingie jina la Mwende, binti yangu. Ndugu zangu nawajua. Nikifa leo, watamtoa hapo kabla matanga hayajaisha. Lakini bila clearance ya rates, cheti cha kwamba huna deni, title haibadilishwi jina. Nikaenda, mkebe kwapani, kifua mbele.

Dada wa kaunta akaangalia title, akaangalia risiti, akaniangalia mimi.

"Guka, plot yako haijawahi kulipiwa."

"Na hizi ni nini, mboga?"

"Hizi ni za Onesmo."

Wakuu, nilikuwa nataja nambari ya gate! Gate tulizihesabu wenyewe tukianzia kanisani. Sorveya naye alihesabu plot akianzia barabara kubwa. Gate yangu ni kumi na nne, na kwa title, plot kumi na nne ni ya Onesmo. Jina lake liko kwa kila risiti. Mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia muhuri.

Nikamwendea Onesmo asaini barua pesa zangu zihamishwe kwa plot yangu. Akasoma risiti zote, polepole, akanirudishia.

"Si nilikuambia usilipe?"

Akafunga gate, polepole.

Kanjo walinisamehe faini, deni wakakataa. Niliuza mashine yangu ya kushona ngozi, nikalipa yote upya. Siku hizi nashona na sindano ya mkono. Lakini title imeandikwa Mwende, na ndugu zangu wakalie hapo.

Wiki jana nani akaja kwangu na karatasi, sauti imepungua kama redio ya betri kuukuu? Onesmo. Mwaka wa kwanza bila mimi, na notisi imempata.

"Mutua, ndugu yangu, hawa wanataka nini na mimi?"

"Usilipe," nikamwambia. "Si wanakujua?"

Nikafunga gate. Polepole, kama yeye.

Funzo ni hili: nambari itoe kwa title, na jina kwa risiti lisome. Usipojua kusoma, uliza. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja, yangu imekula mashine.

Nyinyi mliosoma, angalieni risiti zenu kwanza, halafu ndio mje kunicheka hapa chini.