Wimbo Mmoja kwa Wagombea Watatu

Waliokuwa darasani siku ya kuonyesha miradi nawakumbuka wote. Mwalimu wa Somo la Jamii, kijana mwembamba aliyekuwa na haraka ya kumaliza. Wanafunzi wa gredi ya tisa, wamebanana watatu watatu kwenye madawati. Mzee wa duka la jumla, na kofia yake ya darizi, ambaye binti yake alikuwa ametengeneza bwawa kwa katoni. Akina mama wawili wauza mboga. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, ambaye pia alikuwa mwakilishi wa wazazi wa darasa hilo, ameketi mbele karibu na mwalimu. Mdogo wangu, amesimama kando ya ubao. Na mimi, kwenye kiti cha plastiki, nanuka mafuta ya mandazi. Baba na mama walikwisha kufa, kwa hiyo shuleni jina langu ndilo lililoandikwa kwenye mstari wa mzazi.

Niliacha shule kidato cha pili ili huyu mdogo asome. Sikuwa nimejua kwamba kusoma kwenyewe kungekuwa kuniletea miradi nyumbani kila wiki mbili. Nilikuwa nimeshatafuta udongo wa kujenga mlima wa volkeno, vifuniko vya chupa vya kuhesabia, gundi, rangi, katoni. Safari hii aliambiwa achunguze jinsi watu wa mtaa wake wanavyoshiriki katika siasa. Alinijia Jumapili mchana nikiwa nafua uani, kalamu mkononi kama askari wa kuandika taarifa.

"Wewe unaamini chama gani?"

"Uliza jirani."

"Mwalimu amesema tuanze na watu wa nyumbani."

"Basi andika: naamini chama kinacholeta unga."

"Hicho si chama, sista. Hiyo ni njaa."

Nilipaswa kunyamaza hapo. Lakini nilitaka kumchokoza, nikamweleza kazi niliyofanya wakati wa kampeni. Nina sauti kubwa. Mgombea akishuka garini, wa kwanza kupaza wimbo nilikuwa mimi, wenzangu wakaitikia. Mwenyekiti ndiye aliyetukusanya, akatugawia fulana na posho, na kutuonyesha pa kusimama. Msimu mmoja niliwaimbia wagombea watatu wa kiti kimoja. Wimbo ulikuwa uleule, nilibadilisha jina tu. Nilimsimulia nikicheka, kwa sababu sisi wanawake wa kikundi tulicheka hivyo hivyo kila tulipokumbuka.

Yeye hakucheka. "Kumbe nyinyi ndio mnatuuza," alisema.

"Nani kakuuza? Shuleni unaenda na viatu vya nani?"

"Ona sasa. Nikiuliza siasa unanijibu viatu."

Nilimrushia kipande cha sabuni. Kilimkosa, kikagonga ukuta. Kwa siku tatu hatukusemezana ila kuhusu maji na chakula. Nilimchukia, nasema kweli. Mtu anayelala kwenye godoro nililonunua mimi, anafundishwa mambo ya haki na mwalimu aliyefika mtaani kwetu Kayole juzi, halafu anarudi kunipima.

Darasani alibandika karatasi kubwa ya manila. Zile fulana tatu za wagombea, moja ikiwa tambara letu la sakafu nyumbani, alikuwa amezifua na kuzitundika chini yake kwa pini. Kwenye manila aliandika wimbo wangu wote kwa herufi kubwa, na kila palipokuwa na jina la mgombea alichora mstari mtupu. Akasema mwimbaji ni mmoja, na ni mtu wa nyumbani kwake. Akasema watu hulipwa ili waonekane wanaamini, na aliyewakusanya hulipwa zaidi.

"Weka jina la mwalimu!" mvulana mmoja wa nyuma alipiga kelele.

"Wee, weka la mpishi, huyo ndiye anatupimia githeri!"

Wakaanza kuuimba, madawati yakawa ngoma. Mwalimu alipiga meza mpaka wakanyamaza. Hakuna aliyehitaji kuambiwa mwimbaji ni nani. Mtaa mzima unajua sauti yangu. Aliyetukusanya pia walimjua.

Mwenyekiti hakupandisha sauti. "Mwalimu, hii ndiyo elimu mnawapa watoto wetu? Kutukana wazazi?"

Mwalimu alianza kujikuna shingo. Alisema fomu ya mradi ina mahali pa mlezi kutia sahihi kwamba habari ni za kweli, na kama mlezi hatatia, mradi hautapokelewa na alama zitakuwa sifuri.

"Vizuri," mwenyekiti alisema, akanigeukia. "Mlezi si huyu hapa? Binti yangu, simama utuambie. Huyu mtoto ametoa wapi huu uongo?"

Nilielewa alichokuwa ananiuliza. Mandazi yangu nilikuwa nakaanga langoni kwake. Yeye ndiye aliyenipa pale mahali, penye kivuli na wapita njia, bila kudai kodi. Nikisema ni uongo, kesho asubuhi karai langu lingekuwa palepale. Mdogo wangu angetoka pale akiitwa mwongo mbele ya darasa lake, na mimi ndiye ningekuwa nimempa jina hilo.

Nilimtazama. Hakuniomba kwa macho wala kwa mdomo. Alikuwa amekaza taya kama mtu anayengoja kofi, na nikaona kwamba alitarajia nimkane. Hilo lilinikasirisha kuliko wimbo.

"Leta kalamu," nilimwambia mwalimu. Nikatia sahihi, kisha nikasema kwa sauti ile ninayojulikana nayo, "Ni kweli yote. Niliimba mimi. Fulana ulinipa wewe, mama, zote tatu."

Mzee wa duka alikohoa. Mwenyekiti alifunga mkoba wake polepole.

"Na mama yako," aliuliza, "nani alimfikisha nyumbani?"

Jibu lilikuwa yeye. Mama alipofariki sikuwa na kitu. Mwenyekiti alimwendea mheshimiwa mmoja mpaka akatoa basi la kupeleka mwili kijijini kwetu. Alimwosha mama kwa mikono yake, akasafiri nasi usiku na mchana, akawapikia waombolezaji huko ambako hakumjua mtu. Mdogo wangu alikuwa mdogo mno kukumbuka. Kwenye manila yake hakukuwa na habari hiyo, na mimi sikuwa nimempa.

Kesho yake lango lilikuwa na mwanamke mwingine na karai jingine. Nikahamia karibu na steji ya matatu ya Spine Road, juani, ambako askari wa kaunti hutufukuza wanapojisikia. Mdogo wangu alipata alama za juu kabisa. Nilipomwambia habari ya basi na ya kuoshwa kwa mama, alisema, "Lakini niliyoandika si ni kweli?" Nikamwambia ndiyo, na aniondokee mbele ya macho.

Miezi michache baadaye mwenyekiti alifiwa na mama yake mzazi. Nilifunga leso kiunoni nikaenda kwenye matanga bila kualikwa, maana msiba hulipwa kwa msiba. Niliketi na wanawake wengine kwenye beseni la viazi nikaanza kumenya. Mwenyekiti alitoka ndani, macho yamevimba kwa kulia, akanitoa kisu mkononi kwa upole, akampa jirani.

"Wewe rudi kwako," alisema. "Kwangu hutalipa kitu."

Niliondoka uani, maji ya viazi yakinidondoka vidoleni. Mwili wa mama yake ulisafirishwa kesho yake. Mimi sikupanda basi.