Kwandu na Maksai wa Kitabuni

Asubuhi ya mwisho tuliyokaa wawili, mke wangu Kwandu alinisomea karatasi ya gazeti iliyofungia maandazi. Siku hizo magazeti yalishakuwa mengi, kila duka linafungia bidhaa. Akasoma hadithi iliyomo: mume amesafiri, mke analia. Mwisho wake ulikuwa umechanika.

"Analia tangu juu mpaka chini," mke wangu akasema. "Uji wa watoto anapika nani?"

Nikamwambia kitabuni watu hawali. Akacheka, akachukua jembe lake. Saa sita wakaja kuniita, ameanguka shambani. Tukampeleka hospitali ya Somanda. Hakurudi.

Utotoni hakusoma, wala mimi. Kisomo alikianza mtu mzima, mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja kijijini kwetu Lagangabilili, kila mmoja na mizani yake. Wengine walijiandikisha wasipunjwe kwenye mizani; yeye hakufuata mizani. Alifuata barua. Binti yetu Felisita aliolewa mbali, Geita, na barua zake tulisomewa dukani na jirani yetu Mashimba. Mashimba alisoma kwa sauti. Mimba ya Felisita ilipoharibika, waliokuja kununua chumvi walijua pamoja na sisi. Kwandu hakulia pale. Alitoka akaenda kujiandikisha.

Mwalimu alikuwa Dastan, kijana wa mjini, suruali imepigwa pasi. Kitabu chake kilikuwa na hadithi ya zamani: mkulima, mkewe, maksai na kuku. Mvua zinachelewa, maksai analima usiku na mchana, nyumba inapona. Dastan akawafundisha akina mama maana yake.

"Maksai ni ishara ya mume. Nguvu, uongozi. Kuku ni ishara ya mke. Hatoki nyumbani."

Kwandu akanyoosha mkono. "Mwalimu, maksai unamfahamu?"

"Dume la kulimia."

"Kabla ya kufundishwa plau, anafanywa nini?"

Dastan akafunua kitabu.

"Anahasiwa, baba," mama mmoja akamsaidia.

Siku ile hawakusoma tena. Walicheka mpaka wengine wakatoka nje.

Jua halijazama, Mashimba akanikuta njiani, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, Maksai!"

"Mimi nina jina."

"Unalo. Tumekuongezea."

Kesho yake Dastan akaja kwangu. Alitaka Kwandu aombe radhi mbele ya waume wote. Asipoomba, asirudi darasani. Nikakubali upesi kwa niaba yake. Ndiyo kazi ya kichwa cha nyumba.

"Baba Felisita," Kwandu akaniuliza, "nisiporudi, barua tutampelekea Mashimba?"

"Omba radhi," nikasema.

"Nitaomba. Wewe ukae mbele."

Alhamisi tukajaa darasani, wanaume tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti kifuani. Nilikaa mbele. Nilitaka amalize haraka, nipate jina langu. Kwandu akasimama na kitenge chake cha kanisani, mikono nyuma. Alisema maneno machache, akasubiri.

Mashimba aliinuka kidogo. Mkewe akamtazama. Akakaa. Wengine tulitazama miguu yetu. Mimi nilikuwa na sababu ya kusimama kuliko wote, nikaona heri niendelee kuitwa Maksai. Dastan akajifuta jasho, akasema radhi imepokelewa, mama aendelee na masomo.

Mwezi wa nane barua ya Felisita ilisomwa jikoni kwetu, kwa sauti ndogo, mara tatu. Baadaye na mimi nilifundishwa herufi humo humo, mlango umefungwa, maana mume hafundishwi na kuku.

Alivyoomba radhi siku ile nakumbuka neno kwa neno. Alisema hivi:

"Naomba radhi kwa Mwalimu na kwa waume wote. Nimekubali, maksai ni mume. Kama yupo mume hapa anayeona si kweli, asimame atuonyeshe tofauti."