Kidonda cha Mkono wa Salimu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, Majengo, nilijua jambo ambalo nyumba nzima haikulijua, nikanyamaza nalo.

Tulikwenda kumtoa Mama hospitali na mdogo wangu mchanga, Salimu. Mama alikuwa amepoteza damu nyingi, kichwa kinamzunguka, na Nyanya yuko nje anatafuta teksi. Sista akamchoma mtoto sindano ya kifua kikuu kwenye mkono wa kushoto, kisha akanigeukia mimi.

"Unasoma darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Basi shika haya. Baada ya wiki kadhaa hapa patatoka kipele, kiwe kidonda. Msikitumbue, msikipake kitu. Kitakauka chenyewe. Utamwambia mama?"

Niliitikia kwa kichwa, najiona mkubwa. Kufika nyumbani nikakuta ubani, uji wa pilipili manga na wageni, nikasahau.

Kwetu mzazi hatoki nje mpaka arobaini. Aliyetuchotea maji na kufua nepi siku zile alikuwa Mama Auma, jirani wa chumba cha pili, Mjaluo mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Siku moja alimpakata Salimu akasema, "Yawa! Huyu amenona kuliko wangu wote!"

"Sema mashallah, mwanangu," Nyanya alimwambia.

Mama Auma alicheka tu, akaenda zake na ndoo.

Wiki ya nne kipele kikatoka. Nyanya alikitazama, akafunga mlango. "Hili ni jicho," akasema. "Na mwenye jicho namjua."

Hapo maneno ya sista yakanirudia yote. Lakini juzi yake Mama Auma alikuwa amenishtaki kwa Nyanya kwamba badala ya kwenda chuoni kusoma Kurani nilikuwa naruka kamba, nami nikachapwa, na viboko vilikuwa bado vinawasha. Nikasema moyoni, acha na yeye aonje. Nilidhani atakaripiwa kidogo, yaishe.

Nyanya alisaga mkaa, akauchanganya na mafuta ya nazi, akakipaka kidonda na kukifunga kitambaa. Mama Auma alipobisha hodi na maji, Nyanya alimzuia mlangoni. "Ahsante, mama. Maji tunayo."

Hatukuwa nayo. Pipa tupu alikuwa analiona. Akanitazama mimi, nami nikainamia miguu yangu.

Mkono ulivimba mpaka kwenye kiwiko, na Salimu akalia siku tatu, kunyonya hataki. Mama alivunja arobaini yake kumkimbiza hospitali, wakampasua usaha ukatoka. Alipona, alhamdulillahi. Nyanya hakuwa na roho mbaya. Alimtibu mjukuu wake kwa alichokijua, na mimi ndiye niliyejua zaidi.

Mama Auma alihamia Kaloleni kabla ya mwezi kwisha. Hakuaga. Ndoo yetu aliyokuwa nayo tuliikuta mlangoni, imejaa maji.

Leo mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Nikimchanja mtoto mchanga, iwe chanjo ya homa ya ini pajani au ya kifua kikuu mkononi, kwanza namwacha mama amshike mwanawe, kisha namweleza atakachokiona na asichopaswa kukipaka, na simwachi aende mpaka anirudishie maneno yangu kwa mdomo wake mwenyewe. Mtoto simtumi. Wenzangu hunitania kwamba foleni yangu haiishi.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Wangu amezeekea kwangu. Nyanya alifariki akiamini lilikuwa jicho. Salimu naye ana watoto sasa, na wakimwuliza kovu lile pana ni la nini, huwaambia, "Kuna jirani mmoja alinitazama vibaya nikiwa mchanga." Mimi huwa nimeketi hapohapo, namimina chai. Kina mama nisiowajua nawaeleza mpaka sauti inakauka. Ndugu yangu sijamwambia hata mara moja.