Kana ya Wifi

Wifi yangu ana bega bovu na mdomo mzima. Bega aliliharibu alipoteleza kwenye ngazi za gati akiwa amebeba tanga lililolowa. Mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo mkono wa kulia haunyanyuki kupita kifua. Mdomo haujapata ajali yoyote.

Ni dada mkubwa wa mume wangu. Baba yao aliwaachia boti la tanga, dogo, lenye kijumba mbele na mabenchi mawili nyuma, na wifi ndiye aliyeliendesha tangu mzee akiwa hai. Anatembeza watu kwenye ghuba: maharusi wapya, walimu wakiwa likizo, wageni wanaotaka kupigwa picha wakijifanya wanavuta kamba. Kwa kazi hiyo amesomesha mabinti wawili baada ya mumewe kufariki. Mume wangu yeye ni fundi wa mafriji. Tanga hajui hata kulikunja, na ukimweka majini anabadilika rangi. Lakini boti ni la wote wawili, naye ni mwanamume, basi akaona neno la mwisho ni lake.

Boti hilo linaelekezwa kwa kana, yaani ule mpini wa mbao uliochomekwa kwenye kichwa cha usukani. Unausukuma huku, boti linakwenda kule. Upepo ukiwa mpole, mtoto anaweza. Upepo ukichachamaa, kana inavuta kama mbuzi anayepelekwa sokoni, na wifi alikuwa anashindana na mbuzi huyo kwa mkono mmoja na nusu.

"Dada, umefanya kazi vya kutosha," mume wangu akamwambia. "Pumzika ule matunda ya jasho lako."

"Nikiyala leo, kesho nitakula jasho la nani?"

Wifi akaenda zake kuongeza urefu wa kana. Alisema spana fupi inakutoa roho, spana ndefu inaibembeleza nati, na usukani nao ni nati tu. Akaiungia kipande cha mbao kilichonyooka kwa bolti, na kweli, kana ikawa nyepesi hata kwa kiganja. Ila alifikiria mkono akasahau miguu. Kana ikirefuka, inafagia eneo kubwa zaidi. Safari ya kwanza tu, alipogeuza boti, ile mbao ikapita juu ya benchi ikamgonga shangazi wa bibi harusi kwenye goti. Shangazi yule ana sauti. Habari ilimfikia mume wangu kabla boti halijafungwa kamba.

"Jumamosi naleta mtu wa kushika usukani," akatangaza mezani kwetu. "Wewe dada utakuwa unakaribisha wageni."

"Nikae kwenye chombo changu kama ua la mezani?"

"Usichukulie vibaya."

"Nichukulie kwa sahani? Wewe nimekubeba mgongoni, bega hilihili. Ulinikojolea wala sikusema naleta mtu."

Nikacheka. Mume wangu akanitazama. Mke anatakiwa awe upande wa mumewe, najua. Siku ile nilikuwa upande wa bega.

Asubuhi wifi akaja na mpango mpya. Kana ibaki ndefu, lakini iinuke kama shingo ya bata, ipite juu ya magoti ya watu na kumfikia yeye kifuani, pale mkono wake unapokoma. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikashika fagio hewani nikilishusha na kulipandisha mpaka aliposema hapo, nikapima kwa kamba. Ubao mmoja mnene ukiukata kwa mkunjo ule unavunjika, kwa hiyo tukatafuta mbao nyembamba za kupaka gundi na kuzilaza moja juu ya nyingine, tuzikunje gundi ikiwa mbichi. Fundi samani wa mtaani, alipokuwa anatupasulia, akauliza, "Akina mama, mnatengeneza kitanda?"

"Kitanda cha kulaza wabishi," wifi akamjibu. "Pasua."

Kilichokosekana ni ubao mpana wa kupigilia vigingi vya kushika ule mkunjo. Nikaung'oa mlango wa jikoni kwangu, tukaulaza sebuleni. Mbao tukazikaza kwa mipira ya ndani ya matairi ya baiskeli, tuliyoikata vipande virefu, mimi nikivuta huku nimekanyaga ukuta, yeye akizungusha kwa mkono mzima na kunitukana nikilegea.

Mume wangu akarudi. "Mlango uko wapi?"

"Umelala," nikasema.

"Umelala wapi?"

"Sebuleni. Usiuamshe, gundi haijakauka."

Akaenda kuangalia lile dude lililofungwa mipira kama mguu uliovunjika. "Na hii ikikatika katikati ya maji?"

"Nitaogelea," wifi akasema. "Wewe utakuwa wapi?"

Gundi iliposhika tukafungua. Wifi akaipiga randa, mimi nikapiga msasa mpaka nikapiga chafya ya unga wa mbao. Mwisho wa kana akauchonga uwe mwembamba, saizi ya ngumi yake. Shina la kana ya zamani akalikata, akaliunga kwa chini, kwa sababu hilo ndilo linaloenea kwenye kichwa cha usukani. Tukaimaliza kwa vanishi.

Jumamosi upepo ulikuwa unatafuta mtu. Walimu walikwisha kaa kwenye mabenchi mume wangu alipofika gatini na bwana mmoja mrefu, mrefu hasa, ambaye hapo hapo tulimwita Mlingoti.

"Shikamoo, mama," Mlingoti akasema kwa adabu.

"Marahaba. Kaa."

Akakaa nyuma kabisa, kama alivyozoea kwenye vyombo vingine. Mkono wa kana ukawa mbali mbele yake. Akasogea, magoti yakagonga ukuta wa kijumba. Akakaa upande, kana ikamkwama mapajani, maana mkunjo ulipimwa kwa magoti ya wifi, na magoti ya Mlingoti yanaishi ghorofa ya juu. Walimu wakaanza kumfundisha namna ya kukaa.

"Bosi," akamwambia mume wangu, "hii imetengenezewa mtu mmoja."

"Dada, umefanya makusudi."

"Makusudi kabisa. Ulitaka nimpime nani?"

"Rudisha ile ya zamani."

"Nimeikata. Shina lake hilo hapo chini, linafanya kazi." Akamgeukia Mlingoti. "Unajua kupandisha tanga?"

"Najua."

"Mikono yote miwili inafika juu?"

"Inafika, mama."

"Basi nenda mbele. Huko ndiko nilikokuwa natafuta mtu."

Mlingoti akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama maji. Mlingoti akaenda mbele.

"Mimi ndiye niliyemleta," mume wangu akasema.

"Na umefanya la maana, mdogo wangu. Tufungulie kamba."

Kamba ilikuwa miguuni pake na walimu wote wanamwangalia. Akafungua.

Tanga likapanda, upepo ukalidaka, boti likalala ubavu. Wifi akakaa mahali pake, ngumi kifuani. Alipogeuza, kana ikapita juu ya magoti ya walimu na hakuna aliyeyakunja. Akageuza tena, mbele ya gati kabisa, wala safari haikuhitaji hilo. Akapita karibu kiasi cha kumlowesha mdogo wake viatu, akaelekeza boti nje ya ghuba.