Mikono Juu ya Kichwa cha Bibi

Msinione mkali. Mimi ni shangazi yake Olepa, na adabu nimemfundisha kwa mkono huu. Kwetu kisiwani Funafuti kichwa cha mkubwa hakipitwi juu hivi hivi. Ukitaka kitu kwenye rafu na mzee amekaa chini yake, unainama, unasema "tulou", yaani niwie radhi, ndipo unanyoosha mkono. Asiyesema hivyo, watu huuliza mama yake ni nani.

Sasa mtoto huyohuyo akaenda kuwa mhudumu wa ndege. Kazi gani hiyo, jamani! Kutwa amesimama juu ya vichwa vya watu, anafungua makabati, anasukuma mizigo.

Mwenyewe aliipenda, tusidanganyane. King'ora kikilia tunawatoa watoto na mipira yao kwenye uwanja wa ndege, maana ndiko wanakochezea, ndege inatua, na yeye huyo juu ya ngazi, sare imemkaa, ua sikioni, anatupungia. Ameiona Auckland, ameiona Brisbane, amemwezekea mama yake paa jipya. Lakini nyumba yetu inaonekana kutoka pale ngazini na haruhusiwi kufika, ndege inageuza muda si mrefu. Fekei ya bibi yake, magimbi ya kukuna kwa tui la nazi, tunampelekea kwenye sahani, anaila wima. Babu yake alipozikwa, yeye alikuwa angani anagawa juisi. Na miguu inamvimba kama ya mama mjamzito, msichana mbichi vile!

"Rudi ufundishe shule," nilimwambia.

Akacheka. "Shangazi, hujawahi kuyaona mawingu kwa juu. Siku ukiyaona utaninyamazia."

Alikuwa bado kwenye majaribio, na hapo ndipo pabaya. Msimamizi wake, Bi Vasiti wa Suva, alikuwa amemchoka. "Hata sisi Fiji tunasema tulou," alimwambia, "lakini wewe unainamia kila kichwa! Ndege inataka kuruka, makabati yako wazi. Safari ijayo nakukagua mwenyewe. Ukichelewesha tena, sikutilii sahihi ya kuajiriwa."

Safari hiyo ndiyo tuliyompeleka mama yangu, Bibi Tagifoe, kutolewa mtoto wa jicho huko Suva. Hajapanda ndege tangu azaliwe. Alifika mlangoni akavua ndala zake akaziacha palepale, kama anaingia nyumbani kwa mtu. Nikaziokota mimi, aibu tupu.

Olepa akaninong'oneza, "Shangazi, Bi Vasiti yuko kule nyuma. Nikianza tulou zangu, kazi sina. Nisiposema, bibi atanionaje?"

"Mwacha mila ni mtumwa," nikamjibu. Sikumwonea huruma hata kidogo.

Mama alikaa kiti cha pembeni, upande wa njia. Olepa akaanza mbele, anafunga makabati, pa, pa, midomo ameibana. Wazee wetu wakaanza kuguna. Alipofika kwetu kabati likagoma, mkeka wa mama umechomoza. Halifungiki ila kwa mikono miwili, juu kabisa ya kichwa cha bibi yake.

Mikono ikamgandia hewani. Bi Vasiti anakuja kutoka nyuma. Nilimwona mtoto macho yanamlengalenga, na moyo wangu, mimi niliyejifanya jiwe, ukaniuma.

Mama haoni vizuri, lakini kivuli alikihisi. "Nani huyo?"

"Mimi, bibi. Olepa."

Mama akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Akasema, ndege nzima ikasikia, "Tulou."

"Mama!" nikaruka. "Unamwomba radhi mtoto?"

"Wewe nawe, domo! Ukienda kwa watu ukakaa njiani, nani anayeomba radhi, wewe au mwenye nyumba? Hapa ni kwake. Mgeni ni mimi." Akampapasa Olepa kiunoni. "Fanya kazi yako, mjukuu wangu. Mikono yako na ipite."

Mzee Kelesoma, kiti cha pili, naye akainama. "Tulou na mimi, ila usiniangushie mkoba!" Watu wakacheka, vichwa vikainama huku na huku, na Olepa akasukuma mkeka, akafunga kabati, akaenda mbio mpaka la mwisho. Hakuna lililobaki wazi.

Bi Vasiti akasimama kwetu, akalivuta kabati kuhakikisha. Kabla ya kulivuta aliinama. "Tulou, bibi," akasema taratibu. Kisha akamgeukia Olepa. "Kaa, funga mkanda, tunaruka. Tukifika Suva nakutilia sahihi."

Tukaruka. Nilimshika mama mkono, ingawa aliyeogopa ni mimi. Mara nikachungulia dirishani, nikayaona mawingu yote yako chini yetu, meupe, yametandazwa mpaka upeo wa macho.

Olepa akapita na juisi. "Mbona kimya, shangazi?"

Nikamwonyesha mawingu kwa kidole. Nilikuwa nalia.