Tablo ya Mulombwa ya Papa Prefe

Kabla ya gari ya Papa Prefe nilikuwa seremala wa vitu visivyotembea: vitanda, milango, mabenchi ya kanisa. Ukikosea benchi, kosa linakaa palepale kanisani na waumini wanalizoea.

Papa Prefe ni mkuu wa shule ya sekondari iliyo nyuma ya karakana yangu, hapa Kalemie. Alinunua gari ndogo ya Kijapani, ikavuka ziwa kutoka Kigoma ikiwa na usukani mkono wa kuume, kama magari yote ya upande ule. Prefe alitaka usukani ukae kushoto, kama inavyotakiwa katika nchi yetu, na hakukubali kuiendesha hata siku moja kabla haujahamishwa. Akamwita fundi wa magari, rafiki yangu tangu shule ya msingi, naye akauhamisha kwa siku nne. Usukani ulihama vizuri. Kilichokataa kuhama ni tablo, ule uso wa mbele unaobeba saa ya mwendo na redio. Fundi aliikata kwa msumeno wa chuma, akageuza vipande, akavishona kwa waya. Upande wa kuume likabaki tundu ambalo kuku angeweza kutagia humo.

"Inatembea," alisema fundi.

"Inatembea," Prefe alikubali, "lakini iko na sura ya muntu aliyepasuliwa na daktari mulevi."

Ndiyo maana alikuja kwangu. Alitaka tablo ya mbao, nzuri, ya kung'aa. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kukaa kiti cha mbele cha gari yoyote. Nikamjibu:

"Hiyo njo kazi yangu, Papa."

Nilikuwa na ubao mmoja wa mti wa mulombwa, mwekundu, wenye mistari kama maji yanayotiririka. Nilikuwa nimeuweka kwa ajili ya mlango wa nyumba yetu. Mke wangu aliponiona nimeushika, aliuliza:

"Na mulango wetu unaenda wapi?"

"Unaenda kutembea na Papa Prefe," nikasema. Siku hiyo nilikula peke yangu.

Kitanda kina pembe nne, na zote zinasema kweli. Tablo ya gari haina hata mstari mmoja ulionyooka. Nilikata vielelezo kwa maboksi ya sabuni, nikavipima, nikavitupa, nikakata vingine. Mbao nene haipindi, kwa hiyo niliuchana ubao kuwa vipande vyembamba, nikavipaka gundi, nikavilaza juu ya umbo la mti laini na kuvifunga kwa mipira ya ndani ya baiskeli hadi vikakauka vikiwa vimepinda. Kisha nikachonga nafasi ya saa ya mwendo, ya redio, ya kila kibonyezo. Mwisho nikapaka verni, mafuta ya kung'arisha mbao. Nilipaka mara saba, na kila mara nikasugua kwa msasa wa maji kabla ya kupaka tena. Baada ya mara ya saba nilijiona mle ndani, hata mvi za ndevu zangu.

Fundi wa magari alikuja kusaidia kuifunga. Alipomaliza alipanguza vidole kwenye kaptula, akasema, "Sasa gari ndiyo inaharibu tablo." Ndilo neno zuri zaidi alilowahi kuniambia.

Jumapili, baada ya misa, Prefe alinialika nikae mbele, pembeni yake, tuzunguke mji. Mke wake alikaa nyuma na kofia yake. Watu waliotoka kanisani walizunguka gari, wakachungulia madirishani, na Prefe akawaeleza jina la mti kana kwamba yeye ndiye aliyeupanda. Tukaondoka polepole. Jua lilikuwa utosini.

Hapo ndipo nilipoona jambo la ajabu: tablo yangu ilikuwa imepanda kwenye kioo cha mbele. Yote, mstari kwa mstari, nyekundu, imeelea juu ya barabara. Nilifurahi mno. Nikaanza kutafuta kwenye kioo mahali nilipounga vipande, nione kama kiungo kinaonekana. Hakikuonekana. Nilikuwa bado nakitafuta niliposikia chini yetu sauti kama ya mtu anayetafuna biskuti, na mwanamke mmoja akipiga kelele.

Tulikuwa tumepita juu ya mihogo yake iliyoanikwa pembeni ya barabara.

"Papa Prefe!" alisema yule mama, mikono kichwani. "Wewe, muntu wa masomo! Hukuona mihogo? Mihogo myeupe hivi?"

Prefe alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Breki, Mama," alisema Prefe. "Breki imenisaliti."

Tukashuka, sisi watatu, tukapiga magoti na nguo zetu za misa, tukaokota vipande vilivyopona. Wazazi wa wanafunzi walipita wakielekea nyumbani. "Bonjour, Papa Prefe," walisema mmoja baada ya mwingine, kwa heshima kubwa, wala hakuna aliyeuliza mkuu wa shule anatafuta nini chini. Kwa vile vilivyosagika, Prefe aliahidi gunia zima. Lilifika Jumatatu asubuhi.

Siku hiyohiyo fundi wa magari aliitwa kwa Prefe kwa ajili ya breki, nami nikamfuata. Alifungua magurudumu yote manne, akayafunga. Kisha akakaa kwenye kiti cha dereva, jua likiwa kali, akatazama kioo cha mbele.

"Breki iko muzima," alisema. Akanigeukia, akigonga mbao kwa kucha. "Hii yako njo inamufunga macho."

Nilijua tangu Jumapili. Nilikuwa hata nimekuja na karatasi ya msasa mfukoni. Ningeisugua dakika chache tu, ung'avu ungekufa, na Prefe angeiona njia. Nikaitoa. Prefe akaweka kiganja chake juu ya tablo, vile mtu anavyokinga mtoto asichomwe sindano.

"Usiguse."

"Papa, huoni barabara."

"Nitaizoea."

Aliyetuokoa ni mke wake. Aliingia ndani, akarudi na kitambaa kikubwa cha kufuma, cheupe chenye maua ya buluu, alichokuwa akitandika juu ya televisheni. Akakilaza juu ya tablo, akakibana pembeni. Prefe akaketi, akatazama mbele. Barabara ilikuwa imerudi.

Tangu siku hiyo anaendesha kazi yangu ikiwa imefunikwa. Akisimamisha gari mbele ya kanisa, au kwa mgeni, anakunja kitambaa kwa vidole viwili, watu wanatazama na kuguna, kisha anakirudisha. Nimebadilisha verni ya mabenchi mara nyingi kwa sababu ya jua na makalio, lakini ile haijapata hata mkwaruzo. Sijui kama nijivune au nilie.

Mwezi uliopita alikuja mfanyabiashara mmoja wa samaki, mtu wa kaskazini ya ziwa, mwenye gari ya aina ileile. Alitaka tablo kama ya Papa Prefe. Safari hii niliamua kuwa mkweli. Nikamweleza kwamba verni inayong'aa inarudisha picha kwenye kioo, kwamba dawa yake ni kuiacha bila mng'ao, kama meza ya jikoni.

Alinisikiliza akipunguza tabasamu, kama mtu anayeuziwa samaki wa jana.

"Ya Papa Prefe inang'aa," alisema.

"Inang'aa. Ndiyo maana ameifunika."

"Nilikuwa nataka kukuuliza hilo," alisema, akinisogelea. "Kile kitambaa, ni wewe unakifuma, ao nimwone mama wa kwa Papa Prefe?"

Nikamwonyesha nyumba ya Prefe, nikarudi ndani kutafuta mipira ya baiskeli.