Dada Aliyeninusia Nyama

Meza yetu ilikuwa ya tatu kutoka mlango wa chumba cha baridi. Yeye, niliyemwita dada, alisimama upande wa ukutani, mimi upande wa njia. Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya mji wa Arusha, na kazi yake ilikuwa ya aina mbili. Mbuzi walichinjwa, wakapoozwa, wakavalishwa kitambaa cheupe na kupelekwa uwanja wa ndege waende Uarabuni. Ng'ombe walikuja kwetu wanawake wa mezani. Tuliwatoa mifupa, tukakata steki, tukazifunga kwenye mifuko ambayo mashine ilifyonza hewa yote, zikaenda kwenye hoteli za watalii.

Yeye ndiye aliyenifundisha. Nilifika pale sijui hata kushika kisu cha kutolea mifupa, na wiki ya kwanza nilijikata mara tatu. Alinifunga vidole kwa kitambaa chake, akasema, "Mdogo wangu, kisu kinafuata mfupa. Wewe unagombana nacho." Alikuwa amenizidi miaka kumi na kitu. Alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa mjini, ameolewa na fundi cherehani huko Sombetini, ana watoto wawili. Mimi ni Mmeru, Mlutheri, natoka kwetu karibu na Tengeru, ambako niliishi na mama yangu na binti yangu mdogo. Mwezi wa Ramadhani nilijificha kunywa chai yangu asinione, naye akanitania kwamba mimi ndiye ninayefunga.

Kabla ya kufunga mfuko, ilikuwa lazima kila kipande kinuswe pale kilipokuwa kimeshikana na mfupa, kwa sababu nyama huanza kuharibika hapo. Aliyepitisha nyama iliyoanza kunuka alifukuzwa siku hiyohiyo. Hakukuwa na onyo.

Korona ilipokuja, sisi tuliiona kwanza kwenye chumba cha baridi. Watalii waliondoka, hoteli zikafunga, na steki zetu zikabaki zimepangwa hadi darini. Kisha ndege nazo zikasimama. Supavaiza alikuja na karatasi, akasoma majina, na nusu ya watu wakavua aproni wakaenda. "Tutawaita," alisema. Wengine waliangua kilio palepale kwenye lango. Mimi na dada tulibaki. Tulishikana mikono chini ya meza kama watoto, tukafurahi wakati wenzetu wanalia. Hilo nalikumbuka vizuri.

Baada ya muda oda za mbuzi zilirudi, maana Uarabuni watu walikuwa bado wanakula, na sasa waliwataka wamekatwa vipande na kufungwa mifukoni, kazi ya mezani kwetu. Watu hawakurudishwa. Sisi tuliobaki tukafanya kazi ya wote. Tulisogezwa tukawa bega kwa bega, milango imefungwa ili baridi isitoke, mashine zinanguruma, na ukitaka kusikika inabidi umpigie mwenzako kelele usoni. Barakoa za kitambaa tulizopewa zililowa jasho na maji ya nyama ndani ya nusu saa.

Mzee mmoja wa kuchuna ngozi hakuja Jumatatu. Ijumaa tukasikia ameshazikwa. "Nimonia," supavaiza alisema. Wiki iliyofuata wakaondoka wengine wawili kutoka kwenye sehemu hiyohiyo ya uchunaji, mmoja hakurudi tena. Neno lenyewe hakuna aliyelitamka. Mtaani tulisema changamoto ya upumuaji, tukajifukiza nyungu, tukaendelea.

Lakini wanunuzi wa nje walitaka barua ya kuonyesha kwamba wafanyakazi ni wazima. Kwa hiyo kila asubuhi tulisaini karatasi kwamba hatuna homa wala kikohozi, na mlinzi alituelekezea kipima joto kwenye paji la uso. Supavaiza alitukusanya akasema, "Ukikohoa, umejifukuza mwenyewe. Asije mtu hapa kuniletea habari za watoto wake."

Nilianza mimi. Siku mbili mwili uliwaka, mifupa ikauma kama nimepigwa. Nilimeza Panadol kabla ya kufika langoni ili joto lishuke, nikasaini. Nilikohoa kwenye mto wangu nyumbani, na kazini nikajizuia mpaka machozi yakatoka. Homa ikaisha. Nikadhani nimepona. Jioni hiyo mama alinipakulia loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando, na yale maziwa ambayo harufu yake huwa inanipokea mlangoni, sikuyasikia. Niliinamisha uso hadi pua ikagusa bakuli. Hakuna kitu.

Kesho yake nilinusa kila kipande kama kawaida. Niliinamia, nikavuta pumzi, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Nilipitisha paja moja. Dada akalichukua kabla halijafika kwenye mashine, akaliangalia, akalitupa kwenye ndoo nyekundu.

"Husikii?" aliniuliza.

"Nasikia."

"Usinidanganye. Mimi nimelisikia kutoka huku niliko."

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia pia kwamba nikifukuzwa, mama na mtoto hawana mwingine. Yeye naye alikuwa na watu wa kulisha. Cherehani ya mumewe ilikuwa haijashona sare hata moja tangu shule zifungwe. Aliangalia alipo supavaiza, akasema, "Nisogezee vyote. Mimi nanusa, wewe unafunga."

Tulifanya hivyo siku tisa. Kila kipande changu na chake kilipita puani mwake. Na ili anuse, ilibidi ashushe barakoa. Aliishusha mara mia kwa siku, uso wake ukiwa shubiri mbili kutoka kwangu, na mimi nikiwa bado napumua kile nilichokuwa nacho. Nilijua. Sitaki mtu aseme kwamba sikujua. Binti wa jirani yetu alikuwa nesi, na alikuwa ameshatueleza jinsi ugonjwa ule unavyohama. Nilimwacha dada anuse.

Siku ya kumi alianza kukohoa. Alikuwa akiingia chumba cha baridi, anakohoa huko kwenye kelele za feni, anatoka amejifuta macho. Siku ya pili yake supavaiza aliniita pembeni, karibu na sinki la kunawia visu.

"Meza ya tatu kuna mtu anakohoa. Ni wewe au ni yeye?"

Niligeukia sinki nikafungua maji.

"Msiposema, mnaondoka wote wawili. Nina watu pale nje wanaomba kazi."

"Ni yeye," nilisema.

"Tangu lini?"

Hapa ningeweza kusema jana. Ilikuwa ni jana. Lakini niliogopa wasije wakauliza ameupata wapi, wakahesabu siku, wakanifikia mimi. Nikasema, "Kama wiki mbili. Amekuwa akificha."

Akaandika kwenye karatasi. Nikasaini.

Walimtoa kabla ya chai. Walimwambia aache gambuti na aproni kwa sababu ni mali ya kiwanda, na nikamwona kupitia kioo akivuka uwanja kwa kandambili, mkono mmoja kifuani. Aligeuka kunitafuta. Niliinama nikaendelea kufunga mifuko.

Jioni alinipigia simu. Sauti ilikuwa imekwaruza. "Sijui nani kawaambia," alisema. "Nahisi ni yule wa meza ya nne, ananionea wivu siku nyingi. Sasa wewe mdogo wangu jihadhari. Usimwamini mtu. Nyama ukiishika, kama inateleza na kunata vidoleni, itupe tu. Usingoje pua."

Nilimwambia asante, dada. Nilimwambia apumzike.

Nilifanya alivyonielekeza, na ilifaa. Hakuna kipande changu kilichorudishwa.

Siku nane baadaye mumewe alipiga simu kiwandani. Alikuwa hospitali, dada anahitaji oksijeni, na alikuwa anaomba kiwanda kimsaidie. Supavaiza alimjibu mbele yetu, simu akiwa ameiweka spika juu ya meza huku akila karanga. "Huyo si mfanyakazi wetu. Alificha ugonjwa wiki mbili, amehatarisha watu wote hapa. Ipo kwa maandishi." Akakata. Akatuangalia mmoja mmoja, akasema turudi kazini.

Alifariki siku iliyofuata, mchana. Kiwanda kilikuwa na desturi ya kutoa gari na rambirambi mfanyakazi akifiwa au akifa. Safari hii hawakutoa. Hata sisi wenyewe mezani hatukuchanga, kwa sababu tuliogopa kuonekana tunamchangia aliyefukuzwa. Walimzika watu wachache, haraka, bila kuruhusiwa kumwosha nyumbani.

Nilikwenda Sombetini siku ya tatu. Mumewe alinipokea mlangoni mwenyewe, kanzu imemlegea.

"Shikamoo shemeji. Pole na msiba," nilisema.

"Marahaba. Karibu, shemeji. Yeye alikuwa hachoki kukutaja."

Alinikalisha kwenye mkeka, mtoto wake mkubwa akaniletea chai. Kisha akaniambia anachotaka. "Wanasema aliumwa wiki mbili akificha, kwa hiyo hana haki yoyote pale. Shemeji, mke wangu alianza kukohoa Jumatano, akafukuzwa Alhamisi. Wewe ulikuwa naye meza moja. Ukiwaambia hivyo tu, watoto watapata chochote."

"Nitawaambia," nilisema, nikamaliza chai.

Sikuwaambia. Alisubiri wiki mbili, kisha akaja mwenyewe langoni. Supavaiza aliniita ofisini, na nikamkuta shemeji amesimama, kofia ameishika kwa mikono miwili. Ofisi ilikuwa na viti viwili vitupu. Hakuambiwa akae.

"Huyu anasema mkewe aliumwa siku moja," supavaiza alisema. "Karatasi yako inasema wiki mbili. Ipi kweli?"

"Niliyosaini," nilisema.

Shemeji aliniangalia. Hakukasirika, ingekuwa nafuu angekasirika. Aliuliza taratibu, "Na wewe shemeji, hukuumwa?"

"Hapana."

"Maana aliniambia ulikuwa husikii harufu. Aliniambia alikuwa anakunusia nyama."

Supavaiza aliacha kuandika. Kama angeniuliza swali moja zaidi, ningesema kila kitu. Lakini alicheka. "Kunusiana nyama! Mzee, huo ni msiba umekuchanganya."

Nami nikaongeza, bila kuombwa na mtu. Nikasema, "Ni homa, shemeji. Homa ile inawafanya watu waongee mambo. Dada alikuwa ameshachanganyikiwa."

Akasema, "Aliniambia siku ya kwanza, kabla hajaumwa. Alirudi nyumbani anacheka, anasema leo nimefanya kazi kwa pua mbili." Akavaa kofia yake, akaagana na supavaiza kwa heshima, akatoka. Mimi hakuniaga.

Watalii walianza kurudi, hoteli zikafungua. Waliosomwa majina waliitwa, si wote. Mimi nilipewa usimamizi wa meza tatu, kwa sababu, supavaiza alisema, ninajua kulinda kiwanda. Shemeji alihama Sombetini. Yule wa meza ya nne, ambaye dada alikufa akimshuku, aliniambia amesikia wamerudi Singida kwa wazee, cherehani waliiuza, na binti mkubwa ameacha shule. Aliniuliza kama nina namba yao, tuwatumie chochote.

Nilikuwa nayo. Nilimwambia sina.